Mtoto huyo abaki na wenzake

Ndugu mwandishi, nimesoma habari yako ya mtoto mwenye ualbino hapa Moshi ambaye ukoo unataka apelekwe bweni la watoto wenye ualbino tu. Naelewa hofu yao, watu wenye ualbino wameuawa katika nchi hii kwa imani za kishirikina. Lakini wa kuondolewa mtaani ni mganga anayedanganya watu, mtoto ana kosa gani?

Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, hata kama ngozi zao ni nyeusi. Kwa hiyo akina baba wanaofukuza wake zao baada ya kujifungua waache uonevu huo. Darasani mtoto huyo anahitaji dawati la mbele kwa sababu haoni mbali vizuri, maandishi makubwa, kofia pana na sare ya mikono mirefu. Basi! Mafuta ya kukinga jua yanatengenezwa hapa hapa Moshi, katika hospitali ya KCMC. Wizara ihakikishe mzazi wa Rombo au Same anayapata kwenye zahanati ya kijijini kwake.

Jirani yangu hapa mtaani Majengo ana ualbino na ni mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Hakuna aliyewafanyia wenzake semina. Walizoeana kwenye mazoezi ya jioni, kwenye misiba, kwenye kumenya ndizi za sherehe. Siku asipoonekana mazoezini wanamfuata nyumbani kuuliza kulikoni.

Mwalimu mkuu ampokee mtoto huyo Jumatatu, na mwenyekiti wa mtaa apange watu wazima wa kumsindikiza njiani.