Nesi aliyeniambia nivue viatu

Nilipopangiwa kliniki ya nesi kwa mara ya kwanza, hapa Uingereza, niliumia moyo. Nilikuwa nimesubiri kumwona daktari bingwa wa viungo, vidole vimevimba hadi pete haitoki. Mama mdogo akaniuliza kwenye simu kutoka Tanga: "Kwani mwanangu, huko madaktari wamekwisha?" Sikuwa na jibu.

Leo ninalo. Baridi yabisi yangu ni ile ambayo kinga ya mwili huvishambulia viungo vya mwenyewe. Daktari bingwa ndiye aliyeutambua ugonjwa na kuamua dawa, na heshima yake iko palepale. Lakini baada ya hapo mtu anaishi nao miaka na miaka, na miaka hiyo ndiyo nesi alinibebea.

Alinieleza kwamba dawa yangu, methotreksati, humezwa mara moja kwa wiki, na kwamba kuimeza kila siku kwa kukosea kunaweza kuua. Tukachagua Jumatatu, akaiandika kwa herufi kubwa juu ya boksi. Akanipangia vipimo vya damu vya kuangalia ini na figo. Kisha akauliza nyumbani napika nini. Nikamwambia chapati. Tangu siku hiyo kila nikienda aliniuliza kama naweza kukanda unga, na asubuhi vidole vinachukua muda gani kufunguka. Nilipobanwa na maumivu kabla ya miadi, nilipiga simu ya kliniki na yeye ndiye aliyenipigia.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na mtafiti Mwidimi Ndosi, uliofanyika Uingereza katika kliniki 10 kwa wagonjwa 181 wa baridi yabisi hii. Waliofuatiliwa na manesi hawakuwa na hali mbaya kuliko waliofuatiliwa na madaktari bingwa. Sikushangaa. Ila manesi wale walikuwa wabobezi wa magonjwa haya, na hapo ndipo ninapogombana na wapanga bajeti: nesi mbobezi hafanywi kwa kubadilisha kibandiko cha mlangoni.

Nilihamia mji mwingine nikaliona hilo. Dakika kumi, kila safari sura mpya, macho kwenye kompyuta. Viungo 28 vikabonyezwa haraka, hesabu ya kupima ukali wa ugonjwa ikatoka chini ya 2.6, nikaambiwa ugonjwa umetulia. Nami niliingia mle nikichechemea! Hesabu hiyo inagusa mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole vya mikono na magoti. Nyayo hazimo. Mtu anaweza kuwa na miguu inayowaka moto na karatasi ikasema hajambo.

Nesi wangu wa kwanza alilijua hilo. Kila nilipoketi alisema, "Vua viatu na soksi." Akanibana mguu pale vidole vinapoanzia, huku akinitazama usoni. Siku moja mikono ilikuwa shwari kabisa lakini mguu wa kushoto ukanifanya niruke kitini. Hakuniambia nisubiri miadi ijayo. Alitoka, akagonga mlango wa daktari, wakazungumza, na nilirudi nyumbani na dozi mpya.

Sidai kliniki za manesi zifungwe. Nadai nesi apewe muda, mafunzo, na mgonjwa yuleyule mwaka hadi mwaka. Kwa sasa nikiingia kule, kabla yeyote hajaigusa kompyuta, nimeshainama nafungua kamba za viatu.