Eksirei ya Friji

Kwanza, sikuzimia. Nilikaa chini. Kuna tofauti kati ya mtu aliyezimia na mtu mzima aliyeamua kwa hiari yake kukaa sakafuni steshenari, katikati ya maboksi ya karatasi, kichwa mikononi. Pili, kile kitu hakikuwa cheti cha ndoa. Cheti cha ndoa kipo, kizima, kwenye begi. Nayasema haya mapema kwa sababu Redio Mbao, yule mmbea wetu wa mtaani, amesharusha toleo lake tangu juzi jioni, na leo asubuhi muuza chapati amenipa pole ya talaka.

Mnaonifuata humu siku nyingi mnalijua begi lenyewe. Shangazi kaja, la miraba ya bluu na nyekundu, zipu ilishakufa, limefungwa kwa kanga kuukuu. Mama watoto analiita "bi mdogo" kwa sababu linalala chini ya kitanda, upande wangu. Mle ndani kuna vikaratasi vya luku vya enzi zile tunapanga foleni dirishani kununua umeme. Kuna bili ya maji ya ile kampuni ambayo serikali iliivunjia mkataba mwaka 2005. Imelipwa, ina muhuri. Kampuni imeondoka nchini, bili ninayo. Wakirudi kunidai watanikuta.

Msinicheke, nimerithi. Marehemu mzee wangu hakuwa anatoka nyumbani bila stakabadhi ya kodi ya maendeleo kwenye pochi. Wa umri wangu mnakumbuka: kabla kodi ile haijafutwa mwaka 2003, mgambo akikukuta huna karatasi, uruke ukuta au ulale ndani. Mzee hakuwahi kuruka ukuta. Akiwaona mgambo kwa mbali aliwafuata mwenyewe, stakabadhi mkononi, awaonyeshe hata kama hawajamwuliza. Wakati mwingine walikuwa wanamkimbia wao.

Sasa twende kwenye friji.

Tulilinunua Kariakoo miezi kumi na moja iliyopita, laki sita na ishirini, waranti mwaka mmoja. Jumamosi usiku likatoa mlio kama mtu aliyekatishwa usingizini, likanyamaza. Asubuhi barafu za ubuyu za mama watoto, ambazo ndizo biashara yenyewe, zilikuwa uji. Akakaa kwenye kigoda akiziangalia, halafu akaniangalia mimi.

Mnajua nilichofanya? Nilitabasamu. Barafu za watu zimeyeyuka, mimi natabasamu. Nikaingia chumbani, nikamvuta bi mdogo kutoka uvunguni, na katika dakika nne tu nikatoka na kadi ya waranti, risiti imebanwa juu yake kwa pini. Mama watoto hakusema neno. Miaka yote ya ndoa nilikuwa sijawahi kukisikia kile kimya. Nilitamani kukifunga kwenye bahasha nikihifadhi.

Ila risiti ilikuwa imepauka. Maandishi yalishakuwa ya kijivu, bei inaonekana kwa taabu, tarehe ndiyo kabisa. Na kadi ya waranti imeandikwa chini, kwa herufi za sisimizi, kwamba bila risiti halisi hakuna waranti. Nikawaza: hii nikiipeleka hivihivi, joto la njiani na jasho la mkono wangu vitaimaliza kabla hatujafika Kariakoo. Dawa yake nini? Kuilamineti. Iishi milele.

Kuna mtu hapa tayari ameshajua kinachokuja na anacheka peke yake kwenye daladala. Nyamaza, wenzako bado.

Tukakodi kirikuu, tukapakia friji, Redio Mbao akajitolea kuja kusaidia kushusha. Nashangaa sasa hivi nilivyomshukuru. Begi nalo nikalipakia, maana kuliacha nyumbani na mama watoto aliyepoteza barafu mia ni kulitafutia kiberiti. Tulipofika Rangi Tatu nikamwambia dereva asimame dakika mbili nje ya steshenari.

Ndani kulikuwa na foleni. Mwalimu anatoa kopi za mtihani, wanafunzi wawili na fomu zao, kijana mmoja na kitambulisho cha NIDA. Mwalimu akaliangalia begi, akaniuliza kwa upole, "Mzee, unahama?"

Laiti angekaa kimya. Kwa sababu mimi swali hilo nimelisubiri miaka ishirini.

Nikalifungua begi juu ya kaunta nikaanza somo. Namba za luku, nikawaambia, ukishaziingiza kwenye mita kazi yake imekwisha, lakini usitupe haraka, kwa sababu tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo, ilianza buku kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa buku jero, kwa hiyo karatasi ya luku ni risiti ya kodi! Mwenye biashara, sheria ya kodi inamtaka atunze nyaraka miaka 5. Mkataba wa pango je? Madai ya mkataba yanafunguliwa ndani ya miaka 6, kwa hiyo ukihama leo, karatasi za mwenye nyumba wako usizichane kabla ya hapo. Ardhi ni miaka 12, lakini karatasi ya mauziano ya kiwanja, ile yenye muhuri wa serikali ya mtaa na majina ya mashahidi ambao nusu yao wameshafariki, hiyo unazikwa nayo. Ada ya shule mpaka mtoto amalize. Cheti cha kuzaliwa milele. Mwalimu aliacha kuhesabu kopi zake. Mwanafunzi mmoja alikuwa anaandika. Nawaambia ukweli, nilikuwa mtamu siku ile, na Redio Mbao alishatoa simu, anarekodi. Nikamwona, nikanyoosha kola.

"Na risiti," nikamalizia, "risiti ya kitu chenye waranti, hiyo unaipa ulinzi." Nikamkabidhi dogo wa steshenari risiti ya friji. "Lamineti."

Dogo akaishika, akaipapasa kwa kidole gumba. "Mzee wangu, hii si ya mashine ya EFD?"

"Ndiyo. Nadai risiti mimi."

"Hapana, nilikuwa nasema hizi karatasi zake…"

"Dogo, fanya kazi. Kuna friji juani."

Ngoja niwaambie na hili, maana Redio Mbao hakulifikisha kwenye toleo lake na ndilo linaloniuma zaidi. Karatasi moja ya A4 kulamineti ni buku. Risiti ya friji ni ndogo, inaacha uwanja mtupu. Mimi nilipe buku kwa uwanja mtupu? Nikaingiza mkono kwenye begi nikatoa na nyingine tano zenye waranti: ya pampu ya maji, ya televisheni, ya feni, ya pasi, ya betri ya sola. Nikazipanga mwenyewe ndani ya lile plastiki, mbili mbili, safu tatu, zimenyooka kama kwaya. Sita kwa buku. Nikamkonyeza mwalimu.

Mashine ilikuwa na taa nyekundu. Ikawa ya kijani. Dogo akaniangalia mara ya mwisho, macho ya daktari anayemwomba ndugu wa mgonjwa asaini, kisha akaitia mdomoni.

Mashine ya kulamineti haina haraka. Inameza taratibu kama bibi asiye na meno anayekula muhindi. Upande huu nikaziona risiti zangu zinaingia, nyeupe, safu ya kwanza, friji na pampu. Upande ule ikatokeza ncha ya plastiki, safi, inang'aa kama kioo. Nikasema, "Mnaona?" Walikuwa wanaona. Ikatokeza ncha ya risiti. Ncha ilikuwa ya kijivu. Nikadhani ni kivuli cha kichwa changu, nikasogeza kichwa. Kijivu hakikusogea. Ikasogea nusu kidole zaidi, na kile kijivu kikawa kama wingu la masika linalotokea baharini, halafu kama mkaa, halafu kama sehemu ya chini ya sufuria ya mama lishe. Upande huu bado nyeupe inaingia. Upande ule nyeusi inatoka. Katikati hapo ndani ya mashine, laki sita na ishirini zangu zinaungua bila moshi.

"Zima!" nikasema.

"Nikizima itang'ang'ania humo humo, mzee."

Safu ya pili ikaingia. Televisheni. Feni. Nikashika plastiki upande wa nyuma nivute, ni ya moto, nikaachia, nikalamba vidole. Nikashika tena. Mashine inavuta huku, mimi navuta huku, dogo anapiga kelele nitaivunja, nje dereva wa kirikuu anapiga honi, na nyuma yangu nasikia sauti ya Redio Mbao, anasimulia taratibu kama mtangazaji wa mpira: "Sasa mzee anavuta. Mashine inavuta. Mashine ina nguvu." Safu ya tatu ikanitoka vidoleni. Pasi. Sola. Kwaheri.

Dogo akainyanyua ile karatasi kwa ncha mbili akanikabidhi kwa heshima zote. Miraba sita myeusi tii ndani ya plastiki linalong'aa. Ililamineti vizuri sana, haina hata povu moja. Akanieleza sasa, baada ya msiba, kwamba zile karatasi hazina wino kabisa. Zina dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na ndivyo mashine ya risiti inavyoandika: inachoma herufi. Kwa hiyo maandishi yangu hayakufutika, nikaelewa. Yapo yote. Ni nyeusi juu ya nyeusi tu.

Nikainyanyua juu kwenye taa. Nikafumba jicho moja. Nikageuza upande. Nilikuwa na imani kwamba nikipata pembe nzuri nitaiona tarehe.

Hapo ndipo akaingia mama mmoja wa makamo, kapu mkononi, hajui lolote. Akanikuta nimesimama na lile jambo jeusi nimelielekeza kwenye taa, jasho linanitoka, watu wote kimya. Akaweka kapu chini. Akanishika bega.

"Pole baba," akasema. "Ni kifua au mgongo?"

Mwalimu ndiye alianza. Alijaribu kukohoa, ikashindikana, akaziangusha kopi zote za mtihani. Baada ya hapo ndipo nilipokaa chini. Yule mama, Mungu ambariki, akajua majibu ni mabaya, akaanza kunipepea kwa kadi yangu mwenyewe ya waranti.

Dogo akasubiri kidogo, adabu anayo, halafu akasema, "Mzee wangu, buku."

Yaliyobaki ni mafupi. Tukaenda Kariakoo hivyohivyo maana friji lilishapakiwa. Muuzaji akaichukua ile eksirei, naye akaielekeza kwenye taa, kwa nini kila mtu anafanya vile sijui, akasema bila risiti haiwezekani. Nikampigia mama watoto. Akanyamaza, safari hii kimya cha aina nyingine, halafu akasema ngoja. Kumbe siku tuliyonunua friji aliipiga risiti picha kwa simu akamtumia dada yake. Namba ya uhakiki ilikuwa inasomeka vizuri, muuzaji akaiingiza kwenye tovuti ya TRA, risiti ikatokea nzima, tarehe na bei. Wamelichukua friji, wiki mbili. Dereva wa kirikuu kanidai elfu kumi ya kusubiri, nimelipa.

Mngeniacha hapo ningeshukuru. Lakini mama watoto hakutuma picha peke yake, alituma na maneno aliyomwandikia dada yake siku ile, na muuzaji aliyasoma kwa sauti mbele ya wateja: "Shemeji yako kaleta kikabati cha soda anasema friji. Ona na bei."

Ile eksirei nimekatazwa kuitupa. Iko mezani, sufuria ya wali ndiyo inawekwa juu yake. Ningekuwa nimeshaizoea, ila tangu jana usiku pampu ya maji imeanza kukoroma. Ina waranti ya miaka miwili. Risiti yake ni safu ya kwanza, kulia, na dada yake mama watoto hakuwahi kutumiwa picha ya pampu, nimeuliza mara mbili.