Ukija Oman kwa ajili ya jua, iulizie na mvua

Vijana wa Unguja na Pemba wanaotaka kuja kufanya kazi Muscat huanza na swali la mshahara. Mafundi rangi wenzangu huongeza la pili: ni kweli huko mvua hakuna? Nawaelewa. Masika ikishaingia Machi, ukuta wa nje haushikiki mpaka Mei. Unapaka asubuhi, adhuhuri mvua inaosha rangi yote, na tajiri halipi siku ambayo haikufanyika kazi. Mimi mwenyewe nililifuata jua kwa sababu hiyo hiyo, na sasa nataka wanaokuja nyuma yangu wajue jua hili lina nini nyuma yake.

Muscat hupata kama milimita 100 za mvua kwa mwaka mzima; Unguja tunapata zaidi ya 1,500. Kwa hesabu hiyo fundi rangi anaona amefika peponi. Lakini hizo 100 haziji kidogo kidogo. Miezi inapita bila tone, kisha sehemu kubwa inashuka kwa jioni moja. Na kuna miaka inayovunja hesabu yote: Oktoba 2021, kimbunga Shaheen kilipoipiga pwani ya Batina, Al Khaburah ilinyeshewa zaidi ya milimita 300 ndani ya siku moja. Wazee wa hapa bado wanakitaja kimbunga Gonu cha Juni 2007, kilichoua watu wapatao 50.

Naona tofauti kubwa zaidi kwenye nyumba, kwa sababu ndiko ninakofanyia kazi. Nyumba zetu, hata za udongo, hujengwa kwa kuitarajia mvua: paa la mteremko, upenu unaoukinga ukuta, mchirizi wa kupeleka maji kwenye pipa. Hapa paa ni zege lililolala, limezungushiwa ukuta mfupi, na tundu za kutolea maji mara nyingi zimezibwa na vumbi la mwaka mzima. Maji yanatuama juu kama kwenye sinia, yanatafuta ufa. Yakiupata yanashukia kwenye taa na kwenye kiyoyozi, plasta inavimba, rangi inabambuka vipande vipande. Baada ya mvua kubwa simu yangu hailali. Wengi wanaonipigia ni wageni wenzangu waliopanga ghorofa ya juu kabisa kwa kuwa kodi yake ni nafuu.

Jua lenyewe nalo si la kupumulia. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, na ni sheria ya haki, maana rangi inakauka ukutani kabla hujaivuta sawasawa.

Ninaloliogopa ni wadi. Ni bonde kavu la mawe. Barabara inapita ndani yake, magari yanaegeshwa, watoto wanacheza mpira. Mvua inanyesha milimani, mbali kabisa, wewe ulipo jua linawaka, na maji yanakufikia yakiwa na matope na magogo. Ardhi hii ngumu haiyanywi kama mchanga wetu. Aprili 2024, kule Samad al-Shan, hapahapa Oman, watoto wa shule walisombwa wakiwa ndani ya gari. Siku mbili baadaye Dubai ikazama kwa mvua ambayo Emirati hazijaona kubwa kama hiyo tangu rekodi zianze 1949. Na mwezi huohuo Rufiji nayo ilikuwa chini ya maji, watu wamepoteza nyumba na mashamba. Nilikuwa nasoma habari za pande zote mbili usiku kucha.

Baada ya msiba ule wa Samad al-Shan skuli zilifungwa, barabara zikazibwa, maonyo yakawa yanaingia kwenye simu. Kuvuka wadi iliyojaa kwa makusudi ni kosa, na unaweza kufungwa. Dubai ikatangaza mradi wa mitaro wa dirham bilioni 30. Hapo ndipo roho inaniuma. Hawa mvua huwashtukiza, nao wanajenga. Sisi masika ina miezi yake tunayoijua tangu utotoni, na bado mtaro unazibuliwa maji yakishaingia vyumbani, na Jangwani pale Dar es Salaam panafunikwa mwaka huu na mwaka ujao. Sikubali kwamba ni umaskini peke yake. Kuzoa taka kwenye mtaro mwezi Februari hakuhitaji mafuta ya petroli ya kuuza nje.

Kwa hiyo ndugu zangu, njooni, kazi ipo. Kabla ya kulipa kodi mwombe mwenye nyumba mpande juu, utazame paa na tundu zake. Dari ikiwa na madoa ya manjano, tafuta pengine. Na dereva wako akisema wadi hii anaijua, anavuka kila siku, mwambie asimame ushuke.