Kila Mtu Aje na Nyanya Yake

Darasani kwangu kuna kijana tuliyembandika jina la Bwana Kesho. Si mjinga hata kidogo. Ukimwuliza swali la papo kwa papo anaweza kukuumbua. Lakini mpe kazi ya wiki mbili, siku ya kumi na tano atakuja kukuuliza inatakiwa kurasa ngapi. Nikimgombeza, ananijibu kwa adabu zote: "Mwalimu, haraka haraka haina baraka." Jirani yake naye anadakia: "Pole pole ndio mwendo." Wahenga wetu, Mungu awarehemu, waliwaachia wazembe silaha tele. Mimi nimebakiwa na ngojangoja huumiza matumbo, basi.

Nimejaribu mengi. Niliwahi kusoma utafiti wa Dan Ariely na Klaus Wertenbroch wa mwaka 2002: wanafunzi walioachiwa wajipangie tarehe za kukusanya kazi, wengi wao walichagua tarehe za mapema ili wajibane wenyewe. Nikawaachia na wangu. Darasa zima likachagua siku ya mwisho, isipokuwa wawili, ambao walisema watanijulisha.

Ndipo nikakutana na mbinu ya Mwitaliano Francesco Cirillo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi asiyetulia na vitabu, alichukua kisaa cha jikoni chenye umbo la nyanya, akakitega, akasoma mpaka kilipolia. Mbinu hiyo imekuja kuwa dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, na baada ya mizunguko minne unapumzika zaidi. Akaiita Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano. Niliipenda kwa sababu mtoto haogopi dakika 25. Anachoogopa ni insha nzima.

Ijumaa nikawaeleza. "Kisaa chochote kinacholia, hata kama ni cha simu ya kuazima, sisi tutakiita nyanya." Wakaelewa, angalau wale waliokuwa macho. Kipindi kinakaribia kuisha, mlango ukafunguka, Bwana Kesho huyo, kachelewa kama kawaida yake, akanikuta niko kwenye sentensi ya mwisho:

"Kwa hiyo Jumatatu, kila mtu aje na nyanya yake!"

Akaitikia kwa kichwa, uso umemkaza. Sijawahi kumwona akilipokea agizo langu kwa uzito namna ile.

Jumatatu visaa vikaja vya kila aina. Ikaja pia nyanya moja ya kweli, iliyopasukia begini juu ya daftari. Mwenyewe akanionyesha kurasa zilizolowa, akijitahidi kuficha furaha: "Na kazi nilikuwa nimemaliza, mwalimu!" Bado namtazama huyo, nikasikia hodi. Bwana Kesho, tena kabla ya wakati, kamshika mkono bibi kizee mwenye mkongojo.

"Mwalimu, nimekuja na nyanya yangu."

Darasa likavunjika mbavu. Mimi nikasema la kusema: "Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Haya, amefanya nini tena huyu?"

Ningemwambiaje, kwamba niliyemtaka ni wa plastiki? Nikampa kiti changu, nikadai tumemwomba aje atusimamie muda. Nikamweleza habari ya dakika 25 bila kuinua kichwa. Akasikiliza, kisha akasema, "Zimeni hivyo vidude. Nitaangalia ile ya ukutani."

Sijapata kuona darasa limetulia vile. Kila aliyeinua kichwa alikutana na jicho. Mmoja akaomba kwenda msalani.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na mitano, nyanya."

"Basi na kibofu chako kina kumi na mitano. Zimebaki dakika nane."

Bwana Kesho aliandika kurasa mbili. Mbili!

Wakati wa mapumziko, nyanya akagusa rundo lililokuwa mezani kwangu kwa ncha ya mkongojo. "Na haya?"

"Insha zao, nyanya."

"Za leo?"

Kabla sijafungua mdomo, darasa zima kwa sauti moja: "Za mwezi uliopita!"

"Mbona hujasahihisha?"

"Nilikuwa nangoja nipate siku moja iliyotulia..."

Nyanya akamgeukia mjukuu wake, akamtazama kwa muda. "Kumbe unafundishwa."

Kisha akanionyesha dawati tupu lililokuwa mbele. Nikakaa. Mzunguko wa pili ukaanza, wao na madaftari yao, mimi na kalamu yangu nyekundu. Insha ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Nilipojaribu kunyoosha shingo nikakutana na lile jicho, nikairudisha chini.

Ya sita ilikuwa ya Bwana Kesho. Juu kaandika jina, chini yake kichwa cha insha, kikapigiwa mstari vizuri kwa rula. Chini ya mstari neno moja: Itaendelea.

Mwezi mzima, na mimi nimelikalia! Nikageuka nimwite.

"Mwalimu," nyanya akasema bila kuondoa macho ukutani, "zimebaki dakika nane."