Lengo Moja, Tairi Moja

Sasa bosi ametuletea semina. Ati sisi wa godauni hatuna moyo wa kazi, kwa hivyo Jumamosi, siku yangu ya kufua, tukapakiwa kwa matatu kutoka Nakuru town mpaka Menengai, tukavalishwa T-shati zimeandikwa LENGO MOJA (yangu saizi ya mtoto wa class six), tukaambiwa tuvute kamba pale juu na ule upepo wa kuingia mpaka kwa mifupa. Mimi wiki nzima nashusha dairy meal, chakula cha ng'ombe, gunia kilo 70, halafu unanipeleka kuvuta kamba ndio nipate motisha?

Trena alikuwa madam mmoja mpole. Akatugawia vikaratasi vya manjano, kila mtu aandike ni nini humtoa kitandani asubuhi. Wenzangu wakaandika vitu za peponi, ati kumhudumia mkulima, ati kuinua kampuni. Mimi nikaandika "landilodi". Supavaiza akanitupia ile jicho ya tutaonana Jumatatu.

Bosi naye akasimama, sisi ni familia moja. Sawa baba. Lakini hii familia iko na troli moja, na hiyo troli ilitoka tairi moja Januari, nimesema mara nne, mara ya mwisho nikaambiwa niandike niweke kwa sanduku la maoni, na sanduku lina kufuli, na funguo alienda nayo sekretari aliyeacha kazi. Kwa peislipu watu wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, hukata 2.75 kwa mia, wa ushuru wa nyumba 1.5, hao hawajawahi kunisahau hata mwezi mmoja. Tairi ndio inasahaulika. Na T-shati za watu 30 zikapatikana!

Ila nisidanganye, madam alikuwa na stori tamu. Ati Marekani, kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, kuanzia 1924 walitaka kujua kama mwangaza huongeza kazi. Wakaongeza taa, kazi ikapanda. Wakapunguza, kazi bado ikapanda. Akasema watu wengi huamini haikuwa taa, ni vile wafanyakazi waliona kuna mtu anawajali. Na mimi naamini, kwa sababu yeye mwenyewe aliniuliza jina, nyumbani ni wapi, mgongo unaendeleaje, na Jumatatu haki nilishusha lori mzima bila kununa. Miaka sita hapa naitwa "wewe wa stoo".

Shida ni bosi alikuwa kwa simu huko nyuma, akashika stori nusu. Jumanne tunafika, balbu tatu kati ya nne zimetolewa. Ati utafiti umeonyesha.

Kwa hivyo siku hizi nahesabu magunia na tochi ya simu nimeiuma kwa meno. Jana bosi akasimama mlangoni akaita kwa giza, "Familia, moyo uko aje leo?"

Jibu nilikuwa nalo, tena refu, lakini simu ilikuwa mdomoni.