Tuleteeni na ngozi ya jirani

Wiki jana niliwekewa mezani kipande cha ngozi kisichozidi punje ya mchele. Kimetoka shavuni kwa mzee mmoja mkulima, mwenye ualbino. Kwenye fomu, pale pa maelezo ya daktari, kuna neno moja: "doa". Doa! Haya, mimi mpatholojia, msoma ngozi kwa hadubini, nikae huku Kampala nibashiri kama ni kansa.

Watu hudhani melanoma, kansa ya seli za rangi ya ngozi, ikishafika chini ya hadubini hujitangaza. Iliyokomaa, ndiyo. Ile changa, ambayo haijatoka tabaka la juu, hufanana mno na ngozi iliyopigwa jua maisha yote. Ngozi hiyo huwa nyembamba, mawimbi yake ya chini yamesawazika, na nyuzi za ndani zimechakaa hadi kugeuka utandu wa buluu-kijivu. Melanosaiti, seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, nazo huongezeka. Kwa kawaida ni kama moja kwa kila seli kumi za safu ya chini; hapa utakuta mbili tatu bega kwa bega, na bado si kansa. Kwa mwenye ualbino, hata ile rangi ya kahawia ya kunionyesha njia ni haba au haipo kabisa.

Ninachokitazama ni mpangilio wa melanosaiti. Zikijipanga mstari bila kuachiana nafasi, zikapanda juu, zikateremka kandokando ya shina la nywele, hapo chai yangu inapoa. Kuzihesabu nina dawa mbili za kuzipaka rangi. SOX10 hupaka kiini tu, kwa hiyo kuhesabu ni rahisi. Melan-A hupaka mpaka mikono ya seli. Ukiwa na haraka utahesabu mikono kama seli, uone kansa isiyokuwepo. (Na zote mbili ni ghali.)

Sawa, nimehesabu. Ni nyingi kuliko nini? Ndiyo maana nawaambia madaktari: kateni pia kipande kidogo shavu la pili, lililopigwa jua lile lile ila halina doa. Na doa lenyewe msilidonoe. Likwangueni kwa upana, nione linavyoishia pembeni. Najua, mgonjwa anaongezewa kidonda.

Nilimpigia daktari wa yule mzee.

"Sasa kaka, unataka shavu zima?"

"Hapana, daktari. Nataka chupa mbili, na kila moja uiandike: kushoto, kulia."