Kura Tatu za Tabora na mrengo mkali wa kulia wa leo

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora wakiwa na swali moja gumu: washiriki uchaguzi wa Kura Tatu au waususe? Karatasi yenyewe ya kura ilikuwa ya kibaguzi bila kificho. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia na kimoja cha Mzungu, na mpiga kura alilazimika kuchagua jina moja katika kila kundi. Ukiacha kundi moja wazi, kura yako yote imeharibika. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na Wazungu takriban 20,000, lakini viti vilikuwa sawa kwa sawa. Tena ili uandikishwe ulihitaji kipato, elimu au wadhifa fulani, kwa hiyo mkulima wa kawaida wa Unyamwezi hakuwamo kabisa.

Leo Ulaya inaumizwa kichwa na swali linalofanana na hilo: mwenye siasa za ubaguzi akija na kura halali, unamtenga au unaingia naye ulingoni?

Ujerumani wamechagua kumtenga. Vyama vingine vimekataa kuunda serikali na AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia. Wanaoutetea uamuzi huo wana hoja: chama hicho kilipata asilimia 20.8 Februari 2025 na bado hakina waziri hata mmoja Berlin. Wanaoupinga wanaonyesha hesabu hiyohiyo. Mwaka 2021 AfD ilikuwa na asilimia 10 hivi, maana yake imejiongeza maradufu ikiwa imetengwa, tena ikijitangaza kuwa ndiyo pekee inayoonewa.

Denmark walikwenda njia nyingine. Chama cha Social Democrats kilibeba sera kali za uhamiaji za wapinzani wake, na Dansk Folkeparti, chama cha wapinzani hao wa mrengo mkali wa kulia, kikaporomoka kutoka asilimia 21.1 mwaka 2015 hadi 8.7 mwaka 2019. Ushindi? Kwa chama, ndiyo. Kwa mhamiaji, sera ni zilezile, zimebadilishiwa mpishi tu. Na mwaka 2022 chama kipya cha mrengo huohuo, Danmarksdemokraterne, kikaibuka na asilimia 8.1.

Wapo wanaotumia Uamuzi wa Busara, kama ulivyoitwa ule wa Tabora wa kushiriki uchaguzi, kuthibitisha kwamba kuingia ulingoni ndiko sahihi siku zote. Hapo wanaukosea. TANU iliingia kwa sababu ilikuwa imepiga hesabu: sheria iliyomlazimisha Mwafrika kumpigia kura Mzungu ilimpa pia uwezo wa kuchagua ni Mzungu yupi. Ikawaunga mkono wagombea kama Derek Bryceson, Mzungu, na Amir Jamal, Mwasia, na UTP (United Tanganyika Party), chama kilichopendelewa na Gavana Twining, kikasambaratika. Mtego ulimnasa aliyeutega. Lakini wabaguzi wale walikuwa wachache wenye dola. Wa Ulaya ya leo wanaongea kwa jina la walio wengi, "wenye nchi".

Kwa hiyo wa kufananishwa nao hasa ni waliotaka kususa uchaguzi kule Tabora. Zuberi Mtemvu aliondoka TANU akaanzisha African National Congress, kwa msimamo wa Afrika kwa Waafrika. Hasira yake dhidi ya Kura Tatu ilikuwa ya haki, dawa yake sivyo. Katika uchaguzi wa rais wa 1962 hakufikisha hata asilimia 2. Hoja yake, hata hivyo, ilikwisha kupata wateja ndani ya TANU yenyewe: Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipojadiliwa, baadhi ya wabunge wa chama walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere aliwafananisha na Hitler, na akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kukubali. Muswada ukapita. (TANU yenyewe, tusisahau, haikufungua uanachama kwa wasio Waafrika hadi 1963.)

Kwa maoni yetu, hatari kubwa iko kwa chama kinachojiita cha usawa kinapoanza kuazima maneno ya jirani yake mbaguzi.

Mkoani Tabora mfano uko karibu, Ulyankulu, makazi ya Warundi waliokimbia mwaka 1972. Waliochagua uraia waliambiwa waukane wa Burundi. Mwaka 2010 watu 162,156 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakakubaliwa, kisha vyeti vikakwama hadi 2014, kwa kuwa uraia ulifungwa na mpango wa kuwahamishia mikoa mingine. Miaka minne si Mrundi, si Mtanzania kamili.

Malalamiko ya wenyeji wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, dhidi ya wakimbizi kuhusu kuni, wizi na ardhi ni ya kweli, na anayeyapuuza anampa mbaguzi mtaji wa bure. Serikali nayo ina haki ya kuchuja. Sheria ya Uraia ya 1995 inamtaka mwombaji awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo, na kabla ya hapo jumla ya miaka 7 katika 10. Kipimo hicho kinahesabu miaka. Kinaharibika kinapogeuzwa kuwa cha lafudhi, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana, na Mha wa Manyovu akifungua kinywa hawezi kutenganishwa kwa sikio na jirani wa ng'ambo ya mpaka. Asipokuwa na cheti cha kuzaliwa, huenda ana kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, jina kwenye rejista ya shule ya msingi, wazee wa kitongoji wanaomjua babu yake. Afisa akianzia hapo, kazi ni ya siku chache. Akianzia kwenye lafudhi, atawakamata Waha wengi, na Mrundi aliyejifunza Kiswahili cha Ujiji atampita mlangoni akimsalimia.